Nahodha, dakika zako zinapotelea kati ya ova

Nahodha mwenzangu wa kriketi ya ova 20, fanya hesabu hii kabla sarafu haijarushwa. Timu inayorusha ina dakika 85 kumaliza ova 20, na kila ova ni mipira sita; ukizigawa, kila ova inapata dakika 4 na sekunde 15. Ukimaliza dakika nzima kubadilisha mrushaji na kupanga watu, kila mpira unabakiwa na sekunde 32 hivi. Zinatosha, ilimradi waidi, yaani mipira inayopita mbali na mpigaji na kurudiwa, zisiwe nyingi.

Tangu Januari 2022, kanuni za kimataifa ni kali: muda ukiisha kabla hujawa tayari kuanza ova ya mwisho, ova zilizobaki unaruhusiwa walinzi wanne tu nje ya duara la yadi 30 linalozunguka katikati ya uwanja, badala ya watano. Wapigaji wanatamani mwanya huo hasa dakika hizo. Naiunga mkono adhabu hii kuliko faini, maana inauma mchezo ukiwa bado unaendelea.

Halafu kuna saa ya sekunde 60 kati ya ova na ova; lazima uwe tayari kurusha kabla haijaisha. Unapewa maonyo mawili, na ukichelewa mara ya tatu wapigaji wanaongezewa mikimbio (pointi) 5. Marekani iliipata hiyo New York, Juni 2024, kwenye Kombe la Dunia: India walihitaji mikimbio 35 kwa mipira 30, ghafla wakahitaji 30. Walishinda mipira 10 ikiwa imebaki.

Kwa miaka niliyoongoza klabu hapa Dar es Salaam, sijaona mrushaji wa kasi akituchelewesha kwa sababu ya mbio zake ndefu. Kinachotuchelewesha ni mtu kuitwa arushe akiwa ukingoni mwa uwanja upande wa pili, atembee, avue kofia, ndipo tuanze kujadili wadakaji. Anayefuata kurusha mjulishe ova moja kabla, na umsogeze karibu. Wapigaji wakiwa mmoja wa mkono wa kulia na mwingine wa kushoto, panga watu ili wanaohama kila wakibadilishana wawe wawili au watatu, si timu nzima. Mrushaji wa spini, anayezungusha mpira polepole kwa mbio fupi, mtumie mapema kuokoa muda; ukimngoja ova ya 17 umechelewa, na huenda ukampeleka kuchapwa.

Ova ya kumi ikiisha, muulize mwamuzi mko wapi kwa muda. Mchezaji akiumia au mpira ukipotea, hakikisha dakika hizo zimeandikwa, maana huwa zinafidiwa.

Wiketi ikianguka, yaani mpigaji akitolewa, shangilieni, lakini wewe panga uwanja palepale. Kwenye mechi za kimataifa za ova 20 mpigaji mpya ana sekunde 90 tu kuwa tayari. Akifika, akute kila mtu yuko mahali pake na mrushaji ameshashika mpira.