Mfamasia na mofini ya mama

Pole sana na mama, dada. Umeuliza mfamasia ana kazi gani kwenye tiba shufaa, yaani huduma ya kumpunguzia maumivu na mateso mwenye ugonjwa mzito, wakati daktari ameshaandika mofini, ile dawa kali ya maumivu. Anayo, tena kubwa. Mofini ya maji hutofautiana nguvu chupa kwa chupa, kwa hiyo "kijiko kimoja" hakitoshi kama maelezo; mwombe akuonyeshe kwenye sirinji mstari wa kuishia. Ile ya maji kwa kawaida hunywewa kila baada ya saa 4, kwa kufuata saa, msingoje maumivu yarudi. Muulize na dawa ya kulainisha choo, maana mofini hufunga choo karibu kwa kila mtu, na mwili hauzoei hilo kama unavyozoea kichefuchefu. Wapo wanaoacha dawa kwa shida hiyo tu!

Kingine, mpelekee mfamasia mfuko mzima wa dawa anazotumia mama: hata diklofenaki (dawa ya maumivu) ya duka la dawa la mtaani na ile mizizi ya Kariakoo, maana nyingine huchosha figo. Figo zikichoka, mabaki ya mofini hulundikana mwilini, mama anaweza kusinzia kupita kiasi. Hapo mpigieni mfamasia simu, msijipunguzie dozi wenyewe. Chupa ifungiwe kabatini, mbali na watoto.