Ukuta wa Nje si Wako Peke Yako: Kuomba Ruhusa ya Kiyoyozi Katika Ghorofa za Dodoma

Mwezi wa Oktoba, kabla mvua za Desemba hazijaanza, jua la Dodoma huchoma ukuta mchana kutwa, na chumba kinachoelekea magharibi hubaki na joto hadi usiku. Katika hali hiyo nilimwita fundi, naye akatoboa ukuta na kufunga mashine ya nje ya kiyoyozi bila mimi kumwuliza mtu yeyote. Wiki ya pili nilipokea barua ya umoja wa wamiliki wa jengo ikinitaka niiondoe, na tundu lile, pana kama mdomo wa kikombe, nikaliziba kwa fedha zangu.

Nilidhani ukuta wa chumba changu ni wangu pande zote mbili. Kumbe kwa sheria ya umiliki wa sehemu za majengo ya mwaka 2008, mwenye sehemu, yaani nyumba moja ndani ya jengo, humiliki sehemu yake tu, ilhali maeneo yaliyobaki ya jengo ni mali ya pamoja. Kwa hiyo ruhusa ya kwanza itafute kwa wenzako wa jengo, au kwa mwenye nyumba ikiwa umepanga, na iwe ya maandishi. Kisha nenda halmashauri ya jiji ukiwa na ramani iliyoidhinishwa, uulize kama badiliko lako linahitaji kibali, na upate jibu kabla ya kununua chochote.

Mara ya pili niliupelekea umoja wa wamiliki mchoro wa ukurasa mmoja ulioonyesha mahali pa mashine, umbali wake kutoka dirisha la jirani, na njia ya maji yake. Suala la dirisha ndilo lililojadiliwa zaidi, tena kwa haki, maana usiku wa Dodoma hupoa na wengi hulala madirisha yakiwa wazi. Haifai jirani asiye na kiyoyozi alazimike kufunga lake kwa sababu ya mngurumo na hewa ya moto kutoka kwangu. Tukakubaliana mashine ihamie upande wa jikoni, ikalie mipira ya kupunguza mtikisiko, na bomba la maji lishushwe hadi kwenye mfereji, kwani msimu wa mvua matone ya kiyoyozi huongezeka.

Kuhusu umeme, kiyoyozi cha BTU 12,000 (kipimo cha nguvu ya kupoza) hutumia takriban kilowati 1, hivyo kipewe waya wake na swichi yake, kazi ifanywe na fundi mwenye leseni ya EWURA, mamlaka ya udhibiti wa huduma za nishati na maji.

Barua ya ruhusa naitunza pamoja na hati ya nyumba, kwa kuwa atakayeinunua baada yangu ataihitaji.