Usiseme Huna Subira, Pima Kitambaa Kwanza

Wiki hii msomaji mmoja amenitumia picha ya foronya ya mto aliyokuwa akiidarizi waridi kwa mshono wa msalaba. Waridi limetoka refu kama limevutwa, petali za kulia zimepishana na shina, na chini ya picha kaandika: "Nimeacha. Kazi hii ni ya wenye subira, mimi sina." Nimeikuza ile picha nikautazama mshono wake. Misalaba imelala vizuri, uzi haujavutwa wala haujalegea. Mwenye mkono kama huo hana tatizo la subira hata kidogo. Kilichomwangusha ni kitambaa na hesabu, na inaniuma kuona jinsi wengi wanavyoacha kudarizi na kufuma huku wakijilaumu kwa tabia ambayo wala hawana.

Foronya ile ni ya kitambaa cha drafti, kile cha miraba kinachoshonewa sare za shule. Kwa anayeanza, drafti ni chaguo zuri: bei yake ndogo, na kila kijumba kinabeba msalaba mmoja bila kuhesabu nyuzi. Tabu ni kwamba drafti nyingi vijumba vyake havilingani upana na urefu. Kabla hujatunga uzi, chukua rula upime vijumba 10 kwenda kulia, kisha vijumba 10 kwenda chini. Ukipata sentimita 6 kwenda kulia na sentimita 7 kwenda chini, ua la vijumba 50 kwa 50 litakuwa na upana wa sentimita 30 na urefu wa sentimita 35. Hapo hata ukidarizi kwa mikono ya malaika, waridi litatoka refu. Tofauti ya milimita moja katika vijumba 10 ua linaivumilia. Kwenye herufi na kwenye duara itaonekana, tafuta kitambaa kingine.

Pima baada ya kufua, si kabla. Kitambaa cha pamba hurudi kikikutana na maji, na mara nyingi hurudi zaidi upande mmoja. Kiloweke, kikauke, kipige pasi, ndipo upime. Pia kigeuze: drafti iliyofumwa inaonekana sawa mbele na nyuma, ila iliyochapwa rangi nyuma yake imefifia, na miraba yake mara nyingi imekwenda mshazari na nyuzi za kitambaa. Hiyo iache dukani. Gunia linafaa kwa uzi mnene wa sufu na sindano namba 18, ila nalo lifuliwe kwanza, na linataka jicho zuri maana nyuzi zake hazina unene mmoja.

Ukipata kitambaa cha Aida, kinunue. Kimefumwa kwa ajili ya kazi hii, kina vitobo vinavyoonekana na vijumba vya mraba kweli. Namba yake ni idadi ya vijumba katika inchi moja. Namba 14 ndiyo ninayoipendekeza kwa kila mtu: inchi moja vijumba 14, yaani sentimita 10 ni kama vijumba 55. Ua la vijumba 70 kwa 56 litakuwa inchi 5 kwa 4. Ongeza sentimita 7 au 8 kila upande za kukunja na kushikia fremu, ile pete inayokaza kitambaa unapodarizi. Watu hukata kitambaa sawasawa na ua ili kubana matumizi, kisha mwishoni hawana pa kushonea foronya.

Sindano ya kazi hii ina ncha butu na tundu refu: namba 24 kwa Aida 14, namba 26 kwa Aida 16 au 18. Sindano kali ya kushonea nguo au vifungo hutoboa uzi wa kitambaa badala ya kupita kwenye kitobo, na hapo misalaba inaanza kuyumba.

Uzi wa kudarizi wa pamba, wa chapa ya DMC au Anchor na hata usio na jina, huja nyuzi ndogo sita zikiwa zimelala pamoja. Haudariziwi wote sita kwenye Aida 14, unatumia mbili. Kwenye drafti ya vijumba vya milimita 6 tumia zote sita, vya milimita 3 tumia tatu. Zichomoe moja moja, ukishika kifungu kwa vidole viwili na kuvuta uzi mmoja juu moja kwa moja, kisha uziunganishe tena. Ukizichana zote kwa pamoja zitasokotana mafundo.

Urefu wa uzi ni sentimita 45, kama kutoka ncha za vidole hadi kiwiko. Najua kwa nini watu wanakata mita nzima: wanaona uvivu kutunga sindano mara nyingi. Lakini kila msalaba unausugua uzi kwenye kitambaa, na ukizidi urefu huo, nusu ya mwisho inakuwa imechakaa na kupoteza mng'ao kabla haijafika mahali pake. Kila baada ya misalaba michache iachie sindano ining'inie, ijizungushe yenyewe, uzi ulegeze msokoto wake.

Kuhusu kiasi cha uzi, msipigwe bei. Kifungu cha mita 8, kwa nyuzi mbili kwenye Aida 14, kinatoa misalaba kama 1,500 hadi 1,800 ukiondoa ncha zinazopotea. Eneo la sentimita 10 kwa 10 lililojazwa lote ni misalaba 3,025, basi ni vifungu viwili, si vitano. Nunua vyote siku moja, na kwa uzi wa kufumia angalia kwenye lebo namba ya loti, yaani ya mkupuo mmoja wa kutiwa rangi. Loti mbili za rangi ile ile zinaweza kupishana kidogo, na tofauti hiyo dukani huioni, utaiona ukishatandaza kitambaa mezani.

Sasa hesabu, maana ndiyo iliyozipishanisha petali na shina. Kosa la kijumba kimoja halijionyeshi pale pale. Linajionyesha siku tatu baadaye, pande mbili zinapotakiwa kukutana. Kunja kitambaa mara mbili upate kati, na uanzie kati ya ua. Kabla ya hapo, piga mistari kila baada ya vijumba 10, wima na mlalo, ilingane na mistari minene ya mchoro wa vijumba unaoufuata. Wengi hutumia uzi wa kushonea, ambao sindano huutoboa na baadaye hautoki. Tumia mshipi mwembamba wa kuvulia samaki, wa milimita 0.2. Sindano haiwezi kuutoboa, na kazi ikiisha unauvuta upande mmoja unatoka mzima. Wa pwani tunao kila kona, na ni wachache wanaoupa kazi hii. Kisha maliza mraba mmoja wa 10 kwa 10, uhakikishe, ndipo uende mwingine.

Msalaba wenyewe ni miguu miwili. Kuna sharti moja tu: mguu wa juu uelekee upande ule ule kitambaa chote. Ukianza wa chini kutoka kushoto chini kwenda kulia juu, basi wa juu utoke kulia chini kwenda kushoto juu, mwanzo hadi mwisho. Ukichanganya, mwanga unagonga nyuzi kwa pande tofauti na ua linatoa mabaka hata kama rangi ni moja. Makosa mengi ya aina hii hutokea kwa kugeuza kitambaa mkononi, kwa hiyo shona uzi wa rangi kwenye ukingo wa juu ili ujue juu ni wapi.

Usifunge fundo. Fundo huinua kitambaa na hufunguka likifuliwa. Kata uzi mmoja mdogo wa sentimita 90, ukunje katikati, tunga ncha mbili kwenye sindano. Ukishuka na mguu wa kwanza, pitisha sindano kwenye kitanzi kilichobaki nyuma na ukaze. Umeanza bila fundo, na nyuzi zako ni mbili. Kumaliza, pitisha uzi chini ya misalaba minne au mitano nyuma. Usiruke na uzi zaidi ya vijumba vitatu au vinne, hasa mweusi kwenye kitambaa cheupe, maana utaonekana mbele kama kivuli.

Nawa mikono, na mafuta ya nazi subiri kuyapaka baadaye. Alama yake huja kuwa ya njano miezi kadhaa kazi ikishatundikwa. Vua fremu kila unapoacha, ama sivyo duara lake hubaki kwenye kitambaa pamoja na vumbi.

Kuna jambo linalowachosha watu ambalo si ufundi: kutaka kila kazi ifanyike kila mahali. Msalaba unataka mwanga, meza na macho. Kroshia haitaki hayo, ndiyo maana mama zetu waliweza kufuma vitambaa vya makochi barazani huku wakiongea, na bado inakaa vizuri kwenye foleni ya hospitali. Anayeshona misalaba bila haraka hufanya kati ya 100 na 150 kwa saa. Dakika 20 kila jioni ni kama misalaba 40. Ua dogo lenye misalaba 500 linaisha ndani ya wiki mbili. Chagua ua la ukubwa huo, si picha ya ukutani ya misalaba 30,000, ambayo kwa mwendo huo itakuchukua miaka miwili.

Kwenye kroshia, malalamiko ninayoyapata ni mawili. La kwanza ni kitambaa cha duara kisichotaka kulala. Hii ni hesabu tupu. Kwa mshono mrefu, ule unaozungusha uzi mara moja kabla ya kuingiza sindano, anza na 12 na uongeze 12 kila mzunguko: 12, 24, 36, 48. Kwa mshono mfupi, usiozungushiwa uzi kwanza, anza na 6 na uongeze 6. Kikijikunja kama bakuli, umeongeza pungufu au unakaza mno. Kikifanya mawimbi, umezidisha. Fumua mizunguko miwili, usitegemee pasi. La pili ni kitambaa cha mstatili kinachopungua upana kila mstari. Hapo unaruka mshono wa mwisho wa mstari, ambao ni ule mnyororo uliopandia mwanzoni mwa mstari uliopita. Weka pini kwenye mshono wa kwanza na wa mwisho hadi mkono uzoee. Na kama mnyororo wa kuanzia unabana, ufume kwa sindano kubwa kwa hatua moja, kisha rudi kwenye ya kawaida. Uzi wa pamba namba 10 unataka sindano ya chuma ya milimita 1.5 au 1.75, namba 20 ni mwembamba zaidi.

Naomba pia tuliseme hili la fedha. Huwezi kukaa na uzi mkononi bila mtu kuuliza, "Utauza shilingi ngapi?" Uwanja ule wa misalaba 3,025, kwa misalaba 120 kwa saa, ni saa 25. Lipa saa hizo ujira wowote wa haki na mto wako utakuwa ghali kuliko kila mto wa mashine Kariakoo. Anayetaka kuuza auze, kofia za viua zimelisha familia Zanzibar na Lamu, na ni kazi ya kuheshimiwa. Lakini mtu anayecheza bao jioni haulizwi faida. Dada anayeshona ua apewe nafasi ile ile, na wewe mwenyewe ujipe kwanza kabla ya kuidai kwa wengine.

Kazi ikiisha, darizi herufi za jina lako na mwaka kwenye kona. Kitambaa kilichodariziwa na Mwingereza Jane Bostocke, kilichomo kwenye jumba la makumbusho la Victoria and Albert huko London, kinajulikana ni cha 1598 kwa sababu aliushona mwaka ndani yake.

Kukifua, tumia maji ya baridi na sabuni laini, ukandamize bila kukamua. Nyekundu ikianza kuchuja, usiache kikauke. Endelea kusuuza kwa maji ya baridi sana hadi yatoke meupe. Kiviringishe ndani ya taulo kunyonya maji, kisha kipige pasi kikiwa na unyevu, kifudifudi juu ya taulo ili misalaba isibonyee. Vya uzi wa akriliki visiguswe na pasi kabisa, huyeyuka. Vitambaa vya kroshia vya pamba vitie wanga wa muhogo, kijiko kimoja cha chakula katika nusu lita ya maji, uchemshe hadi uwe mwangavu, na si maji ya sukari, maana sisimizi watakuja. Vitandaze kwa pini zisizoshika kutu, na uziache hadi kitambaa kikauke kabisa.