Mgodi uliofukiwa ukianza kuota: upime nini, wapi na lini

Masika ya kwanza yakipita, migodi mingi iliyofukiwa na kusawazishwa huwa kijani. Kijani hicho peke yake hakithibitishi lolote. Mara nyingi ni magugu ya msimu mmoja yaliyokuja na udongo uliomwagwa juu ya kifusi. Tafuta mimea inayojizalia yenyewe bila kupandwa wala kumwagiliwa.

Anza na ploti za kudumu, yaani vipande vya ardhi utakavyorudi kuvipima kila mara. Zichague kwa kura kwenye ramani kabla hujaingia eneoni, maana ukichagua kwa macho utaangukia palipostawi. Ziwepo juu ya lundo, kwenye mteremko na chini yake: juu hukauka haraka, chini hupokea tope na maji. Ploti ya mita 10 kwa 10 inatosha kwa miti, na ndani yake fremu tano za mita 1 kwa 1 kwa ajili ya nyasi. Weka alama kila pembe. GPS ya mkononi hukosea mita 3 hadi 5, kwa hiyo usiitegemee peke yake. Palipo na wanunuzi wa vyuma chakavu nondo hung'olewa, basi tumia vigingi vya zege. Ongeza ploti mbili kwenye ardhi jirani isiyochimbwa. Bila hizo hutajua kama miche imeuawa na ukame au na udongo wa mgodi.

Kupima kiasi cha ardhi iliyofunikwa, nyoosha tepu ya mita 50, na kila nusu mita teremsha fimbo nyembamba. Andika inachogusa kwanza: mmea, majani makavu, jiwe au udongo mtupu. Pointi ni 100, hivyo kila moja ni asilimia moja.

Nyasi zipimwe masika yanapoisha, zikiwa na maua, maana bila ua ni vigumu kutofautisha aina. Miche ihesabiwe mwisho wa kiangazi. Takwimu za Juni ukizilinganisha na za Oktoba ya mwaka unaofuata, unalinganisha misimu.

Kosa linaloharibu ripoti nyingi ni kujazia miche iliyokufa bila kuiandika. Asilimia ya iliyopona hupanda, na tatizo la udongo hubaki limefichika. Kila mche uwe na namba yake kwenye kigingi kando yake, usifunge waya shinani kwani shina likinenepa litakabwa. Iliyojiotea iandikwe safu yake, na mimea vamizi kama mathenge safu nyingine.

Mche uliokufa ung'oe uangalie mizizi kabla ya kupanda mwingine. Mizizi iliyopinda na kutambaa kando imegonga tabaka lililoshindiliwa na katapila, na hapo dawa ni kutifua kwa kina. Mizizi mifupi yenye ncha nyeusi, hasa kwenye magwangala (mabaki ya mawe ya mgodi) yanayotoa maji ya rangi ya kutu, ni dalili ya asidi. Chukua udongo wa kina cha sentimita 0–10 na cha 10–30, upime pH (kipimo cha asidi) ya kila kimoja. Ikiwa chini ya 4, chokaa itangulie. Kupanda tena kabla ya hapo ni kupoteza miche.

Tazama pia majani yaliyoanguka. Kwenye machimbo ya chokaa ya Bamburi, Mombasa, ambako mtaalamu wa kilimo René Haller alianza kupanda miti mwaka 1971, mvinje ulishika kwa sababu vinundu vya mizizi yake hubeba bakteria wanaonasa naitrojeni. Lakini majani yake yalirundikana bila kuoza, mpaka walipoletwa majongoo wa kuyala na kuyageuza mboji. Mtu aliyehesabu miti tu asingeliona hilo. Pima kina cha majani kwa rula, kisha fukua uone kama chini yake kuna tabaka jeusi.

Picha za setilaiti za Sentinel-2 ni za bure, na kipande kidogo kabisa cha picha ni mita 10 kwa 10 za ardhi. Hazitofautishi gugu na mti mchanga, ila zinaonyesha vizuri mahali panapokauka mapema kuliko jirani. Huko ndiko uende kwa miguu.

Ukiona ncha za miche zimekatwa, zungushia uzio mita 3 kwa 3 ndani ya eneo hilo na uache sehemu nyingine kama hiyo wazi. Ndani kukistawi na nje kukibaki vilevile, ongea na wafugaji kabla ya kuagiza mbolea.