Muulize Shangazi: Kanisani nasinzia, kwenye muvi nalia

*Shikamoo Shangazi. Mimi ni kijana wa miaka 24 niko Mbeya, nimelelewa Kilutheri, baba ni mzee wa kanisa na mama anaimba kwaya kwa hiyo nyumbani kwetu jumapili haina mjadala. Shida yangu ni kwamba ibadani sisikii chochote, mahubiri yakianza tu mimi nahesabu mabati. Sasa juzi kati nikaangalia muvi moja kwenye simu, usiku wa manane, ya mvuvi mzee anayeamua kumsamehe jamaa aliyemuulia mtoto, nililia mpaka kamasi alafu nikajikuta naomba, yani naomba kwelikweli. Riwaya nazo zinanifanya hivyohivyo. Nilipomsimulia mama akaniambia hizo ni hisia tu, imani haiji kwa muvi, hata shetani anajua kuliza watu. Najidanganya?*

Marahaba mwanangu. Usimbishie sana mama yako maana nusu ya maneno yake ni kweli. Hata hiyo kwaya yake ikipatia wimbo watu wanatoa machozi na jumatatu asubuhi wanarudi kwenye umbea wao kama kawaida, kwa hiyo kulia siyo risiti ya imani, uwe umelia kanisani au chini ya shuka na simu. Ila aliposema imani haiji kwa muvi, hapo mimi na yeye tunaachana njia.

Ngoja nikupe habari ya Ignasi wa Loyola, najua wewe Mlutheri lakini nivumilie kidogo na mtakatifu wa jirani. Huyu ndo baadae alianzisha shirika la Wajesuiti, hao wenye sekondari ya Loyola pale Dar. Lakini kabla ya hapo alikuwa mtu wa upanga na sifa, mpenda kuonekana. Mwaka 1521 akiwa vitani Pamplona kule Hispania akapigwa na mzinga, mguu mmoja ukavunjika vibaya sana, wakambeba mpaka kwao. Mfupa ukaunga vibaya ukawa umetokeza chini ya goti, na jamaa akaamuru ukatwe kwa msumeno, enzi hizo ganzi hakuna, kisa tu avae vizuri buti za kubana zilizokuwa fasheni! Sasa mtu wa hivyo amelala kitandani miezi, anaboreka, akaomba aletewe hadithi za mashujaa, nyumba nzima hakukuwa na hata kimoja. Walichonacho ni kitabu cha maisha ya Yesu na kingine cha watakatifu. Akasoma kwa kukosa la kufanya.

Kilichofuata ndo nataka ukisikilize vizuri. Aliendelea kuota ndoto zake za mchana kuhusu mwanamke mmoja wa heshima na makubwa ambayo yeye angemfanyia, saa nyingine anaota afanye kama mtakatifu Fransisko wa Asizi, na zote mbili zilimnogea wakati anaziwaza. Tofauti ikaja mwishoni, maana zile za ushujaa zikishapita anabaki mkavu, hana raha, na zile za watakatifu zikipita furaha inabaki naye. Siku moja akashtuka mbona iko hivi. Yule bwana hakuhesabu raha ya wakati anasoma, alitazama kilichobaki akishafunga kitabu, na huko baadae akafundisha watu mbinu hiyohiyo ya kujichunguza.

Kwa hiyo swali langu kwako siyo ulilia kiasi gani. Je kesho yake uliomba tena, hata kwa dakika mbili? Na hiyo muvi ilikuwa ya kusamehe, sasa wewe kuna mtu humpokelei simu? Unamjua mwenyewe, usinitajie. Kama ulimtafuta huyo mtu basi mwambie mama hiyo hisia imefanya kazi ambayo mahubiri ya miaka hayajaifanya, na umwambie kwa adabu. Ila kama kilichobaki ni kutafuta tu muvi nyingine ya kukuliza, mama kashinda. Na kuna watu wengi wako hapo siku hizi mwanangu, dini yao yote iko kwenye status, picha ya machweo na maneno mawili matatu ya busara, basi wameshiba.

Kuhusu kuhesabu mabati, we hesabu tu, ila usiache kwenda. Ibada haikutungwa ikusisimue kama sinema, na hao wazee wanaokuchosha kwa matangazo marefu ndo watakaokuja kukaa na nyie nje kwenye turubai siku mkipata msiba. Muvi haiji msibani.

*Asalam alaykum shangazi, niko Tanga, nimeolewa. Marehemu bibi yangu aliniachia daftari la tenzi, kaliandika kwa mkono, nikisoma usiku nasikia moyo unalainika kabisa na hata swala ya alfajiri inakuwa nyepesi. Mume wangu anasema Muislamu anatoshwa na Kurani, mashairi ni mchezo. Nimjibu vipi bila kugombana?*

Waalaykum salaam mama. Mimi siyo mufti, fatwa kamuulize sheikh wako. Ila kwa historia ya pwani yetu huyo bwana anakosea, maana waliotunga hayo walikuwa watu wa dini haswa. Mwana Kupona alitunga utendi wake mwaka 1858 akiwa mgonjwa, amuusie binti yake, na dini ndo msingi wa wasia wote ule. Kisha kuna Al-Inkishafi ya Sayyid Abdallah bin Ali bin Nasir, mtu wa Pate huko karibu na Lamu, inaanza kwa bismillahi na humo mtunzi anausema moyo wake mwenyewe, anauzungusha kwenye majumba ya matajiri wa Pate waliokufa. Vile vidaka vya ukutani vilivyokuwa vinapangwa sahani za thamani, sasa wanalala makinda ya ndege. Bundi analia ndani ya nyumba. Mtu akishaliona kaburi kwa namna hiyo nadhani kusimama kuswali hakumpi tena uzito, sasa mchezo uko wapi hapo?

Usimjibu. Siku umeme umekatika na simu zimezima chaji, soma kwa sauti vile bibi alivyokuwa anasoma, kwa mahadhi yake, usome kama vile unajisomea mwenyewe na yeye yupo hapo tu. Wanaume wengi wanakataa hoja lakini masikio hawazibi. Na hilo daftari lipige picha kurasa zote kabla mchwa hawajaliona, tafadhali sana.

*Habari shangazi, mimi nauza chapati na chai Nairobi, naamka saa tisa usiku kukanda unga. Nikifungua Biblia jioni nalala hata kabla ya mstari wa pili. Ni dharau nikisikiliza Biblia ya kusomwa kwa simu huku napika?*

Dharau gani dada? Warumi 10:17 inasema imani chanzo chake ni kusikia, na Wakristo wengi wa mwanzo hawakuwa na kitabu nyumbani, walikuwa wanasomewa. Ila usiweke tu ipige kelele masaa matatu kama redio ya gari la matatu, hutashika kitu. Chukua kipande kifupi, kisa kimoja tu, kirudie asubuhi nzima wakati unasukuma na kugeuza, kesho kingine. Anza na visa vya Marko, ni vifupi na vinakimbia. Simu iweke mbali na mafuta, spika yake ikiingia unga ndo basi tena, na wateja wakifika zima uwasikilize wao, maana yule anayekunywa chai peke yake saa kumi na moja mara nyingi ana neno. Sauti zenyewe pakua mapema ukiwa na bando la usiku, linakuwa rahisi.