Usimpange anayeanza foleni moja na fundi

Wewe unayeanza kuandika miongozo ya kusakinisha programu, tenga kurasa mbili tangu mwanzo. Fundi wa Kariakoo anataka toleo, amri na mahali mafaili yanapokaa, basi. Mwanafunzi aliyenunua kompyuta ya mtumba wiki hii huenda hajui hata ina Windows ya ngapi.

Kwa anayeanza, mchagulie njia moja. Ukimpa tatu, atachanganya hatua za zote tatu. Kabla ya kumwambia apakue, taja ukubwa wa faili, maana Dar wengi wanatumia bando la simu. Ubuntu 24.04 ya desktop (mfumo wa kuendesha kompyuta, kama Windows) inazidi gigabaiti 5, kwa hiyo wengi watalichukua faili kwa mwenzao kwa flashi. Hapo kuna mtego: flashi iliyofomatiwa kwa FAT32, mpangilio wa zamani wa kuhifadhi mafaili, haipokei faili moja linalozidi gigabaiti 4 hata ikiwa tupu kabisa. Mtu atadhani flashi imekufa. Mwelekeze aifomati kwa exFAT, mpangilio usio na kikomo hicho, na umkumbushe kwamba vilivyomo vitafutika.

Majina ya vitufe usiyatafsiri. Skrini ikiandika "Modify", mwongozo nao uandike "Modify", kisha ueleze kwa Kiswahili kinafanya nini. La sivyo atakitafuta mpaka achoke.

Chukua mfano wa kisakinishi cha Python 3.12, lugha ya kuandikia programu, kwenye Windows. Dirisha la kwanza lina kisanduku chini kabisa, "Add python.exe to PATH", yaani iingize Python kwenye orodha ya mahali Windows inapotafuta programu. Wengi wanakipita bila kukitia tiki. Usakinishaji unakamilika vizuri, lakini wakiandika python kwenye dirisha la amri, linafunguka duka la Microsoft au wanaambiwa haipo. Dawa yake iandike papo hapo chini ya hatua hiyo, usiirundike mwisho wa ukurasa: fungua kisakinishi tena, "Modify", "Next", tia tiki "Add Python to environment variables". Halafu afunge dirisha la amri na kufungua jipya, kwa sababu la zamani bado limeshika mpangilio wa awali. Mwishoni aandike python --version na aone namba. Kila hatua iwe na kitu cha kuona namna hiyo. Mwenye Windows 7 mwambie mapema kwamba toleo la mwisho la Python linalokubali kwake ni 3.8, asimalize bando bure.

Ukurasa wa mzoefu uwe mfupi. Anza na amri yenyewe, kwa winget, kisakinishi cha programu cha Windows kinachotumia amri:

winget install Python.Python.3.12

Anayehudumia chumba cha kompyuta 20 atahitaji vigezo vya kuandika mbele ya jina la kisakinishi ili kisakinishe kimyakimya, bila kuuliza lolote: /quiet InstallAllUsers=1 PrependPath=1. Ongeza namna ya kuhakiki kwamba faili halijaharibika wala kubadilishwa, kwa amri ya Windows certutil -hashfile, ukitaja SHA256, aina ya alama ya utambulisho wa faili.

Usijaribu mwongozo kwenye kompyuta yako ya kazi. Tayari ina vitu ambavyo msomaji hana, na hatua uliyoisahau haitaonekana. Tumia mashine pepe, yaani kompyuta ya kuigiza ndani ya kompyuta yako, iliyosakinishwa upya. Kisha mkabidhi mgeni wa mambo haya, ukae kimya, na uandike kila anaposita.