Jibu: Kuwafundisha darasa la pili habari za taka

Mwalimu mwenzangu, umeuliza uanzie wapi kuwafundisha watoto wa darasa la pili habari za taka bila kuwachosha na maelezo ya ubaoni. Mimi ningeanza na shimo. Wachimbe kando ya bustani ya shule, wafukie ganda la ndizi, kipande cha gazeti na mfuko wa nailoni, kila kimoja na kijiti chake cha alama. Mwagilieni maji kidogo kidogo. Baada ya mwezi na nusu hivi, fukueni pamoja. Ganda litakuwa limeoza na kuwa jeusi, pengine utakuta na minyoo. Mfuko utatoka na rangi yake ileile. Waache wabishane wenyewe kwanza! Hapo ndipo uwaeleze kwa nini Kenya ilipiga marufuku mifuko ya plastiki Agosti 2017, na Tanzania Juni 2019. Wataelewa upesi.

Maganda ya jikoni yageuzeni mboji ya mchicha. Vioo na betri wasiguse kabisa. Na nakuomba sana, kuokota taka kusiwe adhabu ya wachelewaji, maana mtoto ataichukia kazi hiyo hata akiwa mtu mzima.